Bia Uliyoizoea na Bia Ngeni

Siku ya mshahara, askari aingiapo dukani huiendea moja kwa moja bia aliyoizoea, wala hafanyi kosa: aijua bei yake, ajua na imfanyavyo. Lakini baadhi ya maduka huuza pia bia za watawa wa Ubelgiji, nazo huvuta macho. Atakaye kujaribu na asome lebo kwanza. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25 za kileo; kichupa cha Westmalle Tripel cha sentilita 33, chenye asilimia 9.5, kina mililita 31. Mwenye zamu ya alfajiri asidanganywe na udogo wake.

Tena bia iliyovuka bahari ni ghali. Aliyezoea chupa nne na aache mbili ili apate moja ngeni, maana fedha ya unga haiguswi. Mume na mke waigawane katika bilauri mbili.

Orval ina ajabu yake: ikiwa changa huwa chungu, ikikaa miezi kadhaa, hamira iliyomo chupani huibadili, uchungu ukapungua na ladha ikawa kavu zaidi. Ukiipenda, mwezi ujao nunua nyingine, uiweke gizani hadi sikukuu.