Nguvu za Mwanamichezo Zi Sahanini

Katika miji yetu siku hizi vijana wengi, wake kwa waume, wameshika mazoezi ya kukimbia na kunyanyua vyuma. Jambo hili twalifurahia, maana taifa la watu wenye afya ndilo liwezalo kufanya kazi. Lakini lipo jambo linalotutia wasiwasi. Kijana akisha kuingia katika chumba cha mazoezi, hakawii kuambiwa kwamba hatapata nguvu mpaka anunue kopo la unga wa kukoroga na kunywa kabla ya mazoezi. Naye, ili alipate kopo hilo, hupunguza fedha ya chakula chake. Hapo ndipo tunaposema: ngoja kwanza.

Yafaa tuseme kweli. Si kila kilichomo koponi ni uongo. Maelezo ya wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ya mwaka 2018 yalikubali kuwa vitu vichache vina ushahidi mzuri wa kumsaidia mwanamichezo, miongoni mwake kafeini, kriatini, naitreti na beta-alanini. Lakini tazameni, ndugu wasomaji: kafeini imo katika kahawa ya Bukoba na ya Kilimanjaro, naitreti imo katika mboga za majani, kriatini imo katika nyama na samaki, ijapokuwa kwa kipimo kidogo kuliko cha koponi. Ama beta-alanini, hiyo humfanya mtu ahisi mwili ukimchonyota, naye akadhani kuwa nguvu zimewasili. Mchonyoto si nguvu.

Kinachomwamsha mnywaji hasa ni kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku. Kikombe cha kahawa kina kiasi cha miligramu 90. Kijiko kimoja cha unga huo mara nyingi huwa na kati ya 150 na 300, na wapo vijana watiao vijiko viwili. Moyo ukienda mbio na usingizi ukipotea, mazoezi ya kesho yamekwisha kuharibika leo.

Tena lipo la hatari zaidi, nalo ni kutojua unachokunywa. Wachunguzi wa Köln, Ujerumani, walipima bidhaa za lishe 634 zilizonunuliwa katika nchi 13, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Katika hizo, 94 zilikuwa na vitu vya jamii ya steroidi ambavyo havikuandikwa juu ya chombo. Na kwa sheria za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mwanamichezo huwajibika kwa chochote kionekanacho mwilini mwake. Kusema "sikujua" hakumfutii kosa.

Kadhalika, mwaka 2012 mwanamke mmoja wa miaka 30 alianguka akafa karibu na mwisho wa mbio za marathoni za London. Mwaka 2013 uchunguzi wa kifo chake ulieleza kuwa kinywaji chenye dawa iitwayo DMAA, pamoja na kujikaza kupita kiasi, yaelekea vilichangia moyo wake kushindwa. Dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa ndani ya unga wa namna hii hii.

Sasa tuwatazame jirani zetu. Wakimbiaji 10 hodari wa Kenya walichunguzwa chakula chao kwa siku 7, na habari zao zikachapishwa mwaka 2004. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata katika chakula ilitokana na wanga na sukari. Walikula ugali, wali, viazi, uji, mkate, maharage na kabichi, wakanywa chai ya maziwa. Hatusemi ugali peke yake humfanya mtu bingwa. Mazoezi makali na nchi ya miinuko vina sehemu yao. Twasema tu kwamba chakula hicho hakikuwazuia kufika mbele ya dunia.

Basi ushauri wetu kwa vijana ni huu. Kula chakula kamili saa tatu au nne kabla ya mazoezi. Saa moja kabla, ndizi mbivu yatosha. Baada ya mazoezi, pata maharage, mayai, dagaa au mtindi. Kunywa maji, na ulale usingizi wa kutosha. Atakaye kuamka zaidi, na anywe kikombe cha kahawa. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wamwone daktari kwanza. Na bingwa anayeona kuwa lazima atumie kopo, asilifungue kabla ya kushauriana na daktari wa timu yake.

Kwa walimu wa mazoezi twasema neno moja. Kijana anayewaamini amewakabidhi mwili wake. Kabla hamjamuuliza kama amenunua unga, muulizeni kama amekula.