Kamba, Jiwe na Daftari: Kisima Kilicho Jirani na Machimbo

Mtoto aliyekulia mji wa Baraka, kando ya ziwa huko Fizi, Kongo, anajua maji ya ardhini yanavyofanya kazi hata kama hajajifunza hilo shuleni. Ufukweni unachimba shimo kwa mikono, maji yanachuruzika kutoka kwenye mchanga na kutulia usawa wa ziwa. Mwenzako anachimba la kwake hatua mbili pembeni. Akianza kuchota harakaharaka kwa kibuyu, maji ya shimo lako yanashuka ingawa wewe hujachota hata tone. Akiacha, yanarudi polepole. Kati ya kariere (machimbo ya mawe au mchanga) na kisima cha jirani hutokea jambo hilohilo, ila kule kibuyu ni motopompe, yaani pampu ya injini, na motopompe haichoki.

Wengi wetu tunaamini chini kuna mshipa wa maji, kama mto uliofichwa, na fundi hodari ni yule anayeupata. Mara nyingi hakuna mto. Kuna maji yaliyojaza nafasi kati ya chembe za mchanga na nyufa za miamba, hadi kimo fulani kinachopanda masika na kushuka kiangazi. Machimbo yanayobaki juu ya kimo hicho huondoa mawe au mchanga, lakini hayanyonyi kisima cha mtu. Yakishuka chini yake, shimo hujaa maji, na anayetaka kuendelea kuchimba lazima ayatoe. Hapo kimo cha maji huinama kuelekea shimoni kutoka pande zote, kama sukari inayoporomokea mahali kijiko kilipochota. Kisima chenye kina kifupi hukauka kwanza.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye machimbo si «mko umbali gani na sisi?» peke yake. Muulize anachimba kina gani, na anapampu saa ngapi kwa siku. Mfano wa kina ni Bamburi, Mombasa, nchini Kenya: kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka mingi hadi sakafu ya machimbo ikabaki juu kidogo tu ya maji ya chumvichumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda mivinje hapo mwaka 1971 ili kurudisha uoto, mizizi haikuwa na safari ndefu kuyafikia maji. Hatua chache zaidi chini, na pale pangekuwa bwawa.

Fizi ina ardhi za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Uwanda wa kando ya ziwa ni mchanga na kokoto zilizoletwa na mito kama Mutambala. Ziwa lenyewe huhimili kimo cha maji, basi kuchimba mchanga huko si rahisi kukausha visima. Hatari yake ni nyingine. Mchanga ndio chujio letu. Ukiuchota hadi ukaribie maji, unakuwa umeondoa kichujio kati ya choo, mafuta ya mashine, maji ya mvua na ndoo ya mama, tena katika eneo ambalo kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni. Na maji yakiwa na tope, klorini hutumika kwenye tope kabla ya kuua vijidudu. Dozi ya kawaida haitoshi.

Milimani, kuanzia Fizi-kati hadi upande wa Lulimba na Misisi, maji hukaa kwenye nyufa za miamba. Nyufa hazina adabu ya umbali: kisima kilicho karibu kinaweza kubaki salama huku cha mbali kikakauka, kwa kuwa cha mbali ndicho kilichounganishwa na shimo kwa ufa mmoja. Ndiyo maana simwamini mtu anayetamka idadi ya mita na kuiita usalama. Milimani kuna na hatari nyingine: Misisi ni eneo la dhahabu, na dhahabu ya wachimbaji wadogo mara nyingi huja na zebaki. Kuchemsha maji hakuondoi zebaki.

Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, ina kifungu ambacho kila mwenye kisima angepaswa kukijua: 285 bis. Mwenye haki ya madini au ya kariere hulipa madhara yaliyotokana na kazi yake hata kama hakuzembea. Hujinasua tu akithibitisha kwamba madhara yametoka kwingine. Na tunajua atakachosema: ni kiangazi. Kwa wachimbaji wadogo, ambao wana kadi ya uchimbaji tu na si haki ya madini, kifungu hicho hakiwashiki vizuri. Hapo mazungumzo ni na koperative yao, SAEMAPE (idara ya serikali inayowasimamia wachimbaji wadogo) na shefu wa kijiji.

Kote kuwili unahitaji kitu kimoja: kipimo cha kabla ya madhara. Chukua kamba isiyovutika, funga jiwe dogo, weka fundo kila nusu mita. Pima alfajiri, kabla mtu yeyote hajachota, siku zote kutoka ukingo uleule wa kisima, hadi jiwe linapogusa maji. Andika tarehe, kipimo, na kama mvua ilinyesha. Mara mbili kwa mwezi yatosha. Kisha chagua kisima kingine mbali na machimbo, chenye ardhi ya aina moja na chako, ukipime siku hiyohiyo. Hicho ndicho shahidi wako. Kiangazi kikishusha maji, visima vyote viwili vitashuka. Kikishuka cha kwako peke yake, tena tangu wiki motopompe ilipowashwa, hoja ya kiangazi inakosa miguu.

Nimeona wanakijiji wakifika kikaoni na hasira ya haki kabisa, lakini bila namba hata moja. Walirudi na ahadi. Anzeni kupima mvua zikiwa bado zipo, kabla ya Juni, na nakala ya daftari ibaki kituo cha afya.