Kisu cha kuwindia

Kisu cha kuwindia ni kisu kisichokunjwa ambacho wawindaji hutumia kuchinja, kuchuna na kukata nyama ya mnyama aliyepatikana. Kinatofautiana na mkuki, mshale au gobori kwa kuwa kazi yake kubwa huanza baada ya mnyama kuangushwa au kunaswa. Makala hii inahusu hasa visu vya kienyeji vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania. Wakazi wengi wa huko ni Wamwera. Wapo pia Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo.

Muundo

Kisu kina sehemu mbili kuu: bapa na mpini. Bapa huwa na makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili. Ncha ya chuma inayoingia ndani ya mpini huitwa msuka. Mara nyingi msuka hupashwa moto na kuchomekwa kwenye tundu dogo la mpini, nao hujichomea nafasi yake. Pete ya chuma au shaba iitwayo noleo huvishwa mahali bapa linapokutana na mpini ili mti usipasuke. Kisu hubebwa ndani ya ala ya ngozi au ya mti.

Kwa kuwa hakina kiungo cha kukunjia, kisu cha namna hii hakiwezi kujifunga juu ya vidole, wala damu na mafuta havipati pa kujificha. Kisichanganywe na sime, ambayo ina makali pande mbili, wala na jambia la Oman, ambalo siku hizi ni pambo la heshima zaidi kuliko chombo cha kazi.

Utengenezaji

Zamani jamii kadhaa za Tanzania, kama Wafipa na Wahaya, ziliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe yenye madini. Chuma kutoka ng'ambo kilipoenea, kazi hiyo ilififia, lakini uhunzi haukufa. Mhunzi wa kijijini hutumia springi za gari, tupa zilizochakaa na mapanga yaliyokatika. Springi na tupa hupendwa kwa sababu ni chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha, ambacho hukubali kukazwa.

Chuma hupashwa kwa mkaa na mivukuto mpaka kiwe chekundu, kisha hufuliwa kwa nyundo juu ya fuawe. Bapa likishapata umbo, hupashwa tena na kutumbukizwa ndani ya maji au mafuta ili likaze. Bapa lililokazwa tu huvunjika upesi kama kigae, kwa hiyo hupashwa tena kwa moto mdogo ili lipunguze ukavu. Mpini hutengenezwa kwa mti mgumu. Mpingo, unaoota katika misitu ya miombo ya Lindi, ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Matumizi

Methali husema, “Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.” Katika uwindaji maneno hayo yana maana ya moja kwa moja. Waislamu ni wengi katika Mkoa wa Lindi, na kwao mnyama aliyekamatwa na kukutwa hai hana budi kuchinjwa kabla hajafa, kwa kutaja jina la Mungu na kukata koromeo na umio pamoja na mishipa ya shingo. Akifa mtegoni kabla ya kufikiwa, ni kibudu na haliwi. Kisu butu humtesa mnyama na kinaweza kuwanyima watu kitoweo.

Kisu hichohicho huchuna ngozi, hukata kamba za magome ya miti, huchonga mipini na hutumika nyumbani.

Sheria

Uwindaji ulianza kuwekewa masharti ya leseni wakati wa utawala wa Wajerumani, mwaka 1896. Leo unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwinda bila leseni au kibali ni kosa, hata kama silaha ni kisu na mbwa tu. Kuingia na kisu au panga ndani ya hifadhi ya taifa bila ruhusa kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Jambo hili linawagusa watu wa ukanda huu, kwa sababu wilaya jirani ya Liwale inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kumega Pori la Akiba la Selous. Mpini wa pembe au ala ya ngozi ya mnyamapori huhesabiwa kuwa nyara, na kuwa nayo kunahitaji kibali.

Ukusanyaji

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha, Mjerumani Karl Weule alisafiri Lindi, Masasi na Newala akikusanya vyombo vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Tangu hapo vyombo vingi vya kusini vimehifadhiwa mbali na vilikotengenezwa. Kutoa vitu vya kale nje ya nchi kunasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Kisu kisicho na maelezo hubaki kipande cha chuma tu. Mkusanyaji makini huandika jina la mhunzi, kijiji, mwaka, jina la kisu kwa lugha ya wenyeji, aliyekitumia na kazi aliyoifanya nacho. Maelezo hayo hupatikana wazee wakiwa hai. Bapa linaweza kudumu miaka mia bila kuyasema.

Kisu cha kale hakipigwi tupa ili king'ae, kwani alama za nyundo na za kunolewa ndizo ushahidi wa historia yake. Hufutwa kwa kitambaa kikavu, hupakwa mafuta kidogo na huwekwa nje ya ala, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuleta kutu.