Jeraha la Kichwa: Ushahidi wa Familia Kabla ya CT Scan



Kijana anapogongwa na bodaboda, au mzee anapoteleza mahali pa kutawadhia akapiga kichwa sakafuni, jamaa hugawanyika. Wapo wasemao, "Huyu mzima, mwacheni alale." Wapo nao wanaomtaka daktari ampeleke CT Scan papo hapo. Wote huongozwa na huruma, lakini huruma pekee haitoshi kuamua.

Kipimo hicho hutumia mionzi ya eksirei, na kwa muda mfupi huonyesha damu iliyovuja ndani ya fuvu. Umuhimu wake ni kwamba wapo majeruhi wanaozimia, wakazinduka na kuzungumza vizuri, kisha baada ya saa chache wakazidiwa, kwa kuwa damu imejikusanya na kuukandamiza ubongo. Kwa upande wa pili, kipimo kina gharama, hospitali nyingi hazinacho, na mionzi haitumiwi pasipo haja, hususan kwa watoto.

Basi daktari huamuaje? Mwaka 2001, Ian Stiell na wenzake wa Kanada walichapisha kanuni iliyotokana na uchunguzi wa wagonjwa 3,121. Inawahusu wenye miaka 16 na kuendelea ambao baada ya kuumia walizimia, walisahau tukio au walichanganyikiwa, kisha wakafika hospitali wakiwa macho. Picha huhitajika likipatikana hata moja kati ya haya. Kwanza, fahamu kutorejea kikamilifu saa 2 baada ya ajali. Pili, dalili za fuvu kuvunjika, kama vile kichwa kubonyea, weusi kuzunguka macho au nyuma ya sikio, au majimaji kutoka puani na masikioni. Tatu, kutapika mara 2 au zaidi. Nne, umri wa miaka 65 na kuendelea. Tano, kusahau mambo ya nusu saa au zaidi kabla ya ajali. Sita, ajali yenyewe kuwa ya hatari: mtembea kwa miguu kugongwa na chombo cha moto, mtu kurushwa nje ya gari, au kuanguka kutoka urefu unaozidi futi 3 au vidato 5 vya ngazi.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyepata kifafa baada ya kuumia, hawamo katika kanuni hiyo. Hao hutazamwa kwa tahadhari zaidi. Watoto wana kanuni yao, iliyochapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 2009 baada ya kuchunguzwa watoto zaidi ya 42,000. Humo baadhi ya watoto wenye dalili zisizo nzito wanaweza kubakishwa hospitali wakaangaliwa kwa saa kadhaa kabla ya kuamua. Mzazi asidhani kwamba kuambiwa asubiri ni kupuuzwa.

Ndugu msomaji, zingatia kwamba mengi katika hayo daktari hakuyaona. Aliyeona ni mama, kaka au jirani. Kwa hiyo hifadhini ushahidi: ajali ilitokea saa ngapi, alizimia kwa muda gani, ametapika mara ngapi, anakumbuka nini, anatumia dawa zipi. Wapo wanaoficha kwa kuona aibu au kuogopa gharama. Kijana ameanguka ukutani, husema amejikwaa. Ushahidi huo ni amana, na kuupunguza kwaweza kumnyima mgonjwa kipimo anachokihitaji.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asiachwe peke yake. Akiwa mgumu kuamshwa, akizidi kuumwa kichwa, akitapika tena, akipoteza nguvu upande mmoja, akipata kifafa au akisema yasiyoeleweka, arudishwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Dua isomwe njiani. Isiwe sababu ya kuchelewa.

Wanazuoni wetu wametaja mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Jeraha la kichwa hugusa matatu kwa pamoja. Kuwahi hospitali ni kuhifadhi nafsi na akili. Kukubali ushauri wa daktari anaposema picha haihitajiki ni kuhifadhi mali.

Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi familia zetu. Amin.