Hoteli ya reli iliyoangushwa na mabafu, ikafufuliwa na mpaka

LONDON, Uingereza. Mfanyabiashara aliyezoea kuwakuta maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja pale Namanga au Rusumo hatashangaa sana akifika stesheni ya St Pancras. Hapo maofisa wa Ufaransa hukagua pasipoti kabla abiria hajapanda treni ya Eurostar kwenda Paris.

Kitakachomshangaza ni jengo la mbele ya stesheni: hoteli ya matofali mekundu, yenye minara mirefu na saa kubwa, ambayo kwa mbali hudhaniwa kuwa kanisa.

Hoteli hiyo, iliyochorwa na msanifu George Gilbert Scott, ilifunguliwa na kampuni ya reli ya Midland mwaka 1873. Nyuma ya fahari hiyo kulikuwa na biashara ya kila siku. Midland ilileta bia kutoka Burton na kuihifadhi katika ghala lililo chini ya majukwaa ya treni. Mhandisi William Barlow alipanga nguzo za ghala kwa kipimo cha pipa la bia, nafasi isipotee.

Hoteli haikuhesabiwa kwa makini kama ghala. Ilikuwa na vyumba 300 na mabafu machache mno. Watumishi walibeba maji ya moto hadi vyumbani. Wageni walipoanza kudai bafu ndani ya chumba, kuta nene na sakafu za zege zilifanya ukarabati kuwa mgumu na ghali. Mwaka 1935 ikafungwa na kugeuzwa ofisi za reli.

Miaka ya 1960 ilinusurika kubomolewa. Watetezi wa majengo ya kale, akiwamo mshairi John Betjeman, walipiga kelele, na mwaka 1967 ikawekwa katika daraja la juu la majengo yanayolindwa kisheria.

Lakini kulindwa si kupata wateja. Uhai ulirudi treni za kuvuka mpaka zilipohamia St Pancras Novemba 2007, na hoteli ikafunguliwa upya mwaka 2011. Lililokuwa ghala la bia sasa hupokea abiria wa Eurostar. Njia ya magari ya farasi imekuwa mapokezi ya hoteli.

Kulala humo si kwa mfuko mwepesi. Mgeni aulize kabla ya kulipa: vyumba vingi viko katika jengo jipya la nyuma, na vile vya Scott ni vichache na ghali zaidi. Asiyemudu anaweza kuagiza kinywaji katika ukumbi wa zamani wa kukatia tiketi.

Mwenye gesti Busia au Tunduma anaweza kuisoma hesabu hii bila kufika London. Uzuri haukuiokoa hoteli iliyomnyima mgeni bafu, na sheria peke yake haikuijaza. Wageni walirudi njia ilipofunguka.