MAJI YA PAA: TUYAONGOZE KABLA YA MASIKA

Natumaini kila mmoja wenu amekwisha kaa kikundini, na daftari na kalamu ziko tayari. Katika somo lililopita tulijifunza kupima kwa mita na sentimita. Leo tutavitumia vipimo hivyo nyumbani kwetu. Somo la leo ni habari za maji yanayotoka juu ya paa wakati wa mvua: yanatoka kiasi gani, yanaharibu nini, nasi yatupasa kufanya nini kabla masika hayajaingia.

Mwajua kwamba pwani, Tanga na Morogoro, masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea hata Mei. Bara ya kati na kusini, kama Dodoma, Mbeya na Ruvuma, mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hivi mpaka Aprili. Popote ulipo, kazi nitakayoieleza yafaa ifanyike majuma mawili au matatu kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikiisha kuanza, paa huteleza na fundi huwa na kazi nyingi.

MAJI NI MENGI KULIKO TUNAVYODHANI

Haya, tufanye hesabu. Mvua hupimwa kwa milimita. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mahali penye ukubwa wa mita 1 ya mraba, maji yake ni lita 1 kamili. Liandikeni jambo hilo, maana ni rahisi kukumbuka.

Sasa chukua nyumba yenye paa la urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Nane mara tano ni 40. Basi paa lina mita 40 za mraba. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50 kwa usiku mmoja, tutazidisha 40 kwa 50. Jibu ni lita 2,000. Pipa moja kubwa huchukua lita 200, kwa hiyo maji hayo ni mapipa 10. Uzito wake ni kilo 2,000, yaani tani 2.

Kama paa lina pande mbili, kila upande utamwaga mapipa matano. Ukimwona mtu amesimama nyuma ya nyumba yako, anamwaga mapipa matano ya maji chini ya ukuta, bila shaka utamfukuza. Lakini paa hufanya hivyo usiku kucha, nasi tumelala.

Maji yakianguka mahali pale pale, huchimba udongo na kuacha msingi wazi. Yakirukia ukutani, hulainisha matofali ya udongo. Ukuta uliolowa chini huwa laini, nao umebeba uzito wa paa zima. Kwanza utaona plasta inabanduka, kisha ufa, kisha ukuta unaegama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ukiziba ufa na maji ya paa bado yanaanguka pale pale, ufa utarudi.

YALIYONIPATA MIMI

Nitawapa habari ya nyumba niliyokaa mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilipelekwa kufanya kazi katika wilaya moja ya Morogoro, nikapanga nyumba ya matofali mabichi yenye paa la bati. Nyuma yake palikuwa na mwembe mkubwa. Mwenye nyumba, bibi mtu mzima, aliniambia siku ya kwanza: "Mwanangu, mwembe huu hutupa majani mengi. Mfereji wa nyuma uutazame kabla ya masika." Nikamjibu, "Naam, bibi, nimesikia." Nilisikia, ila sikufanya. Kila Jumamosi nilikuwa na kazi nyingine.

Masika yakaja. Niliona maji yanamwagika nyuma ya jiko, nikadhani ni kawaida ya mvua kubwa. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili tukasikia kishindo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeanguka kwa ndani. Mpwa wangu, mtoto wa miaka 11, alizoea kulala chumba kile. Usiku ule alikuwa amehamia sebuleni kwa sababu godoro lake limelowa. Nilipomulika kwa taa, niliona matofali yamelala mahali penye kichwa chake.

Asubuhi bibi alikuja, akatazama, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mtoto yu wapi?" Akamwita fundi. Fundi akapanda ngazi, akatoa mferejini ndoo mbili za majani yaliyooza, na ndani yake mche wa mwembe ulioota. Maji yalikosa njia, yakapita nyuma ya mfereji na kuteremka ukutani juma baada ya juma. Kutoa majani yale kulimchukua fundi chini ya saa moja. Kujenga ukuta kulichukua siku tisa, na mshahara wangu.

Basi, ndugu zangu, nasema nanyi kama mtu aliyekwisha kulipa.

KAZI YA KWANZA: PAA LENYEWE

Anza ndani ya nyumba. Wakati wa adhuhuri, funga milango na madirisha, simama gizani, utazame juu. Mahali penye tundu utaona nuru. Kama nyumba ina dari, tazama alama za maji darini. Tia alama ya chaki ukutani chini ya kila tundu, ili fundi asitafute.

Kisha tazama nje. Je, misumari imelegea? Bati lina kutu? Kofia ya paa, yaani bati linalofunika mgongo wa nyumba, imeinuliwa na upepo? Msumari uliolegea ung'olewe, na mwingine mnene zaidi upigwe, wenye kofia pana na kipande cha mpira chini yake. Mpira wa tyubu ya baiskeli wafaa. Tundu dogo huzibwa kwa lami. Bati lililoliwa sana na kutu halina dawa, sharti libadilishwe.

Panda asubuhi kabla bati halijawa la moto, wala usipande peke yako. Mtu mmoja ashike ngazi. Kama ngazi inafika kimo cha mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Ukiwa juu, kanyaga penye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake zipo mbao ziitwazo papi. Ukikanyaga katikati, bati litabonyea. Nyaya za umeme zikipita karibu na paa, kaa mbali nazo kabisa.

KAZI YA PILI: MFEREJI

Mfereji wa paa, ambao mafundi wengi huuita gata, hufanya kazi moja tu: kupokea maji ya paa na kuyapeleka mahali tunapotaka. Toa majani na mchanga kwa mkono, utie ndooni. Usiyasukume kwa fimbo kuelekea kwenye bomba la kuteremshia maji, maana yatakwenda kuziba huko, na huko ni shida kuyatoa. Yakiisha, mwaga ndoo moja ya maji juu ya mfereji, utazame. Maji yanakwenda? Yanatuama? Yanavuja penye kiungo?

Yakituama, mfereji hauna mteremko. Kanuni nyepesi ni hii: kwa kila mita 2 za urefu, mfereji ushuke sentimita 1. Mfereji wa mita 8 ushuke sentimita 4 toka mwanzo hata penye bomba. Vishikizo vyake viwe imara, na nafasi kati ya kimoja na kingine isizidi mita 1, la sivyo mfereji utabonyea katikati kwa uzito wa maji.

Fundi hupima kwa pima maji. Kama huna, tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uujaze maji, usibakize hewa katikati. Mtu mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile, ncha zote mbili zikitazama juu. Maji yakitulia, yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama ninyi mko mbali. Tia alama mbili ukutani, funga uzi, kisha shuka sentimita zako upande wa bomba.

Tazama pia ukingo wa bati. Yafaa uingie kidogo juu ya mfereji. Ukiwa mfupi, maji yatapita nyuma na kulowesha ukuta. Ukiwa mrefu mno, maji yataruka mbele.

KAZI YA TATU: MAJI YAKIFIKA CHINI

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hununua mfereji mzuri na bomba zuri, kisha bomba linamwaga maji yote chini ya pembe ya nyumba. Huyo ameyakusanya maji ili yaharibu mahali pamoja. Maji yaongozwe mbali na ukuta, mita 2 au zaidi, kwa mtaro wenye mteremko. Weka jiwe au kipande cha saruji pale yanapoanguka, yasichimbe.

Usiyaelekeze kwa jirani. Yeye naye ana ukuta na watoto. Kama mitaro yenu inakutana, zungumzeni kabla ya mvua, mchimbe pamoja mpaka penye mtaro mkubwa. Tena usiyaelekeze kwenye shimo la choo. Shimo likijaa litafurika, na uchafu utaenea mpaka visimani. Kipindupindu hupenda njia hiyo.

Wenye nyumba za makuti au nyasi nao wana kazi yao. Makuti yaliyochakaa yabadilishwe, na upenu uwe mrefu wa kutosha ili maji yaanguke mbali na kiambaza. Chini ya mstari wa upenu chimba mtaro kuzunguka nyumba. Udongo unaochimbwa ushindilie penye kitako cha ukuta, uwe na mteremko wa kwenda nje.

MAJI YA KUTUMIA NA MBU

Wenye bati waweza kuyakinga maji katika pipa au tangi. Ni faida kubwa kwa mama anayefuata maji mbali. Lakini mvua za kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, basi maji hayo yaache yapite. Pipa lifunikwe kwa wavu mwembamba au kitambaa, na maji ya kunywa yachemshwe.

Maji yakituama mferejini au katika pipa wazi, mbu huzaa humo, na kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi viluwiluwi huwa mbu kamili. Yupo mbu anayeuma mchana, mwenye alama nyeupe miguuni, aletaye homa ya dengi. Homa hiyo ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyo hupenda maji yaliyotuama karibu na nyumba zetu.

Najua wengine watauliza: je, mfereji utazuia mafuriko? La. Desemba 2011 maji yalijaa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, watu wakafa, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Maji ya mto hayazuiliki kwa mfereji wa bati. Aliye bondeni, dawa yake ni kuhama mapema. Lakini kuta nyingi huanguka mbali na mto, kwa maji ya paa lake lenyewe. Hayo tunayaweza.

Mvua ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli, utoke nje, uzunguke nyumba. Penye kosa utapaona mara moja. Na katikati ya masika, hasa baada ya upepo mkali, tazama mfereji tena.

KAZI YA KIKUNDI

1. Ukuta wa nyumba huharibiwaje na maji ya paa? Elezeni kwa maneno yenu.

2. Paa lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Mvua ya milimita 30 imenyesha. Yametoka maji lita ngapi? Ni ndoo ngapi za lita 20?

3. Mfereji wa paa hilo una urefu wa mita 6. Ushuke sentimita ngapi?

4. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja azunguke nyumba yake, aandike mistari mitatu: maji yanaanguka wapi, yanakwenda wapi, na jambo gani litatengenezwa kwanza. Mtakutana na kusomeana.

Majibu ya hesabu: lita 720, ndoo 36, sentimita 3.

Ndugu wasikilizaji, kama yupo mzee au mjane kijijini asiye na mtu wa kumpandia ngazi, kikundi kianzie kwake. Mpaka juma lijalo, kwaherini.