Urani na Alama za Asili Yake

Majabali ya graniti yaliyotapakaa Butimba, kando ya Ziwa Victoria, yanafahamika kwa kila mkazi wa Mwanza. Jambo wasilolifahamu wengi ni kwamba graniti kwa kawaida huwa na urani ndani yake, ingawa ni kidogo mno: gramu 3 hadi 5 hivi katika kila tani. Kiasi hicho hakimfaidii mchimbaji. Mambo ni tofauti katika bonde la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Huko urani imekusanyika katika mawe ya mchanga kwa wingi wa kutosha kuchimbwa, na mwezi wa Julai 2025 kilizinduliwa kiwanda cha majaribio cha kuchakata madini hayo. Yafaa basi tujiulize maswali mawili. Urani hugeuzwaje kuwa fueli? Na ikipotea njiani, itatambulikanaje kuwa ni yetu?

Kutoka mwambani hadi kinuni

Kemia ya urani hutegemea tendo ambalo mwanafunzi wa sekondari analifahamu, yaani kuoksidisha. Mwambani, urani mara nyingi huwa na valensi 4, na katika hali hiyo haiyeyuki kwa urahisi. Ikioksidishwa hadi valensi 6, huyeyuka katika asidi ya salfuri na kuachana na mchanga. Mmumunyo huo husafishwa, kisha huongezwa amonia, na urani hutua chini ikiwa mashapo ya manjano. Mashapo hayo yakikaushwa hupatikana unga uitwao keki ya njano, ambao ndio unaouzwa baina ya mataifa.

Hata hivyo, keki hiyo bado si fueli ya vinu vingi vya umeme. Atomi za isotopu 235, zipasukazo kwa urahisi, ni asilimia 0.72 tu ya urani ya asili, ilhali vinu hivyo huhitaji asilimia 3 hadi 5. Kwa kuwa isotopu hizo hufanana kikemia, hutenganishwa kwa uzito. Urani huunganishwa na florini kuwa UF6, ambayo hugeuka gesi ikipashwa moto hadi nyuzi 56 hivi za Selsiasi. Florini ina isotopu moja tu ya asili. Kwa hiyo tofauti ya uzito wa molekuli hutokana na urani peke yake. Mwanafunzi na akokotoe: molekuli yenye urani 235 ina uzito wa 349, na yenye urani 238 ina 352. Tofauti hiyo, isiyofikia sehemu 1 katika 100, ndiyo inayotumiwa na mashine zizungukazo kwa kasi kubwa. Hatimaye gesi hurudishwa kuwa oksidi, UO2, ambayo hushindiliwa kuwa vidonge na kuchomwa tanurini.

Alama zinazobaki

Kila hatua huacha alama. Elementi haba za mwambani hubaki kidogo katika keki, na asidi huacha chembe za salfa. Hata maji huacha alama, maana sehemu ya oksijeni ya oksidi hutokana na maji ya kiwandani. Ziwa Victoria hupoteza maji yake mengi kwa mvuke. Kwa sababu hiyo maji yake yana oksijeni nzito, isotopu 18, kuliko maji ya mvua. Ndoo iliyochotwa ziwani Butimba na ndoo iliyokingwa mvuani haziwi sawa zikipimwa atomi zake.

Urani ina saa yake pia. Isotopu 234 hugeuka polepole kuwa thori 230. Kiwanda kikiisafisha urani, thori huondolewa na saa huanza upya. Thori inayozaliwa baadaye huonyesha muda uliopita tangu usafishaji.

Thamani ya vipimo hivi ilidhihirika mwaka 1972. Wakemia wa Ufaransa walipima urani iliyotoka Oklo, nchini Gaboni, wakakuta asilimia 0.717 ya isotopu 235 badala ya 0.720. Hawakuidharau tofauti hiyo ndogo. Waliifuatilia hadi mgodini, na ikathibitika kwamba miaka karibu bilioni 2 iliyopita mwamba ule ulifanya kazi wenyewe kama kinu cha nyuklia.

Kisa kingine kinatuhusu kwa karibu zaidi. Kinu cha utafiti cha Kinshasa, kilichoanza kazi mwaka 1959, kiliibiwa fito mbili za fueli katika miaka ya 1970. Mmoja ulikamatwa nchini Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Wa pili haujapatikana.

Alama ya kidole haimtambulishi mwizi pasipo kumbukumbu ya kulinganisha nayo. Vivyo hivyo, nchi inayochimba urani inapaswa kuhifadhi sampuli na vipimo vya urani yake kabla haijavuka mpaka. Usimamizi wa mionzi ni dhamana ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Lakini vipimo vyahitaji wakemia, nao wamo madarasani leo. Mwalimu aweza kuanza kwa kutia amonia katika mmumunyo wa kloridi ya chuma yenye valensi 3. Mashapo ya kahawia yatakayotua yatawaonyesha wanafunzi, bila hatari ya mionzi, jinsi madini yanavyotolewa katika maji.